Prosesa ya Kaunta na Prosesa ya Seva: Usilipie Nguvu Ambayo Duka Lako Halitatumia

Leo tunajibu swali ambalo wenye maduka hutuuliza sana: "Tayari nina namba ya tili. Sasa nataka kompyuta ya kaunta, itoe risiti na inihesabie stoki. Ninunue gani?"

Swali ni rahisi, lakini jibu linaweza kukupotezea pesa. Fikiria umeenda mjini na bajeti yako mfukoni. Umeona kompyuta ndogo, saizi ya kitabu, imeandikwa Intel N100. Kabla hujaishika, muuzaji anakuita pembeni: "Mkubwa, achana na hiyo ya watoto. Chukua hii seva, ni ex-UK, ina kori 28. Mabenki ndiyo yanatumia. Bei ni karibu sawa."

Kori 28 dhidi ya kori 4, na bei karibu sawa. Nani atakataa?

Tunakuomba ukatae, na mwisho wa somo hili utajua sababu. Tutalinganisha prosesa mbili zilizo mbali kabisa: moja ya bei nafuu inayokula stima kidogo, na nyingine ya seva kubwa. Hatutafuti bingwa. Tunataka ujue kila moja iliundiwa kazi gani, halafu uangalie kazi yako ni ipi.

Kwanza, kori ni nini?

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu na kufuata maagizo ya programu. Ndani yake kuna kori. Kila kori ni kama keshia mmoja kwenye supamaketi: ana kaunta yake na anahudumia mteja wake.

Ile namba ya gigahezi inaonyesha mikono ya keshia inaenda mbio kiasi gani. Kache ni rafu ndogo iliyo karibu naye, anapoweka vitu anavyovihitaji kila saa ili asiende stoo. RAM ndiyo stoo yenyewe. Na chaneli za RAM ni milango ya stoo: milango ikiwa mingi, watu wengi wanaingia na kutoka kwa wakati mmoja.

Ukishika picha hiyo, umeshika somo lote.

Prosesa zetu mbili

Ya kwanza ni Intel Processor N100, iliyotoka mapema mwaka 2023. Usishangae kutoona jina Celeron wala Pentium. Mwaka huo Intel iliacha majina hayo kwenye laptopu za bei ya chini na kuanza kuandika "Intel Processor" tu.

Ya pili ni AMD EPYC 9654, iliyozinduliwa Novemba 2022 kwa ajili ya seva za vituo vya data.

Zione ana kwa ana:

- Kori: N100 ina 4. EPYC 9654 ina 96.
- Thredi, yaani kazi zinazoweza kushikwa kwa mpigo: N100 ina 4. EPYC ina 192, kwa sababu kila kori inashika mbili.
- Kasi ya juu kabisa: N100 hufika gigahezi 3.4. EPYC hufika 3.7, na kasi yake ya msingi ni 2.4.
- Kache kubwa: N100 ina megabaiti 6. EPYC ina 384.
- Chaneli za RAM: N100 ina 1. EPYC ina 12.
- RAM ya juu kabisa: kwa N100, Intel inataja gigabaiti 16. EPYC inabeba hadi terabaiti 6.
- Kiwango cha umeme na joto kilichotajwa na kiwanda: N100 ni wati 6. EPYC ni wati 360.

Na bei? AMD ilipozindua EPYC 9654, bei yake rasmi kwa wanunuzi wa jumla ilikuwa dola 11,805. Tukipiga kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.5. Na hapo ni prosesa peke yake. Hujanunua RAM, hujanunua diski, hujanunua hata feni.

Kori 96 si kasi mara 24

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu anagawa 96 kwa 4, anapata 24, anasema, "Basi hii ina kasi mara 24."

Rudi kwenye orodha. Kasi ya juu ni 3.4 kwa 3.7. Tofauti hapo ni ndogo. Ni kweli kori moja ya EPYC ina nguvu kuliko kori moja ya N100 hata gigahezi zikilingana, kwa sababu inamaliza kazi zaidi katika kila mpigo. Lakini hiyo bado haikupi mara 24.

Mara 24 ni idadi ya makeshia, si mwendo wao. Ukiingia supamaketi kununua mkate mmoja, utahudumiwa na keshia mmoja. Kama kuna kaunta nne au kaunta 96, mkate wako unapita kwa mikono ya mtu yule yule mmoja. Kaunta 96 zina maana pale tu foleni inapofika nje hadi barabarani.

Kwa hivyo swali si "ina kori ngapi?" Swali ni: "Foleni yangu ina watu wangapi kwa wakati mmoja?"

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Makeshia wote 96 wakifanya kazi kwa pamoja, hawawezi wote kukimbia kwa kasi ile ya juu kabisa, maana joto na umeme vina mipaka. Wanashuka kuelekea kasi ya kawaida. Prosesa ya seva iliundwa kwa kazi nyingi kwa mpigo, hata ikibidi kila moja iende taratibu kidogo.

Fuata shilingi mia mbili

Sasa tuone foleni yako iko wapi. Mteja amechukua unga na maziwa. Anataka kulipa 200 kwa namba yako ya tili. Nini hufanyika?

1. Anaweka namba ya tili, kiasi, na PIN kwenye simu yake.
2. Ombi linasafiri kupitia mtandao wa simu hadi kwenye seva za kampuni ya malipo.
3. Seva zinakagua: PIN ni sahihi? Salio linatosha? Tili hii ipo na iko hai? Kiwango cha siku hakijapitwa?
4. Zinaandika mambo mawili kwa pamoja: 200 imetoka kwa mteja, 200 imeingia kwako. Yote mawili yaandikwe au yote mawili yasiandikwe. Hakuna nusu.
5. Zinatuma meseji kwa mteja na kwako. Kama kompyuta yako imeunganishwa, taarifa inafika huko pia.
6. Kompyuta yako inapokea taarifa, inapunguza stoki, inatoa risiti.

Hesabu hatua ambazo kompyuta yako imefanya. Ni ya sita peke yake. Kupokea ujumbe mfupi, kubadilisha namba mbili kwenye hifadhidata, na kutuma mistari michache kwa printa. Kazi hiyo N100 inaimaliza kabla hujamaliza kusema "karibu tena".

Na duka lako lina foleni ya kiasi gani? Hata Jumamosi jioni, kaunta yako inahudumia mtu mmoja, kisha anayefuata. Kori nne zinatosha: moja na programu ya mauzo, nyingine na kivinjari ulichofungulia eTIMS ya KRA, nyingine na antivairasi, na nyingine imekaa tu inasubiri.

Basi kwa nini seva inahitaji nguvu yote hiyo?

Kwa sababu foleni ya seva haifanani na yako. Chukua mwisho wa mwezi, mishahara imeingia. Mtu analipa kodi ya nyumba Mombasa, mwingine ananunua tokeni Kisumu, mwingine anatuma pesa kwa mama Kitui, na wewe unauza unga. Wote wanabonyeza "tuma" ndani ya sekunde ile ile. Hakuna anayekubali kuambiwa asubiri nyuma ya wengine.

Hapo makeshia 96 wana kazi. Na kuna sababu nyingine tatu.

Ya kwanza ni stoo. Seva inahitaji kushika kumbukumbu za watu wengi karibu, isiende kwenye diski kila mara. RAM ya EPYC ikiwa imejaa chaneli zote 12 inaweza kupitisha hadi gigabaiti 460.8 kwa sekunde. N100 yenye RAM ya DDR5 hupitisha 38.4. Lakini angalia kitu cha kufurahisha: gawanya kwa kila kori. EPYC inabaki na 4.8 kwa kori, na N100 ina 9.6. Yaani keshia wa duka lako ana mlango mpana zaidi kuliko keshia mmoja wa ile kubwa. Ukubwa wa seva uko kwenye jumla yake.

Ya pili ni makosa madogo ya RAM. Mara chache sana, biti moja kwenye RAM hubadilika yenyewe: sifuri inakuwa moja. Kwenye picha ya harusi hutaona kitu. Kwenye salio la mtu, namba inaweza kubadilika. Ndiyo maana seva hutumia RAM ya ECC, inayogundua na kusahihisha kosa la biti moja. EPYC inaikubali, na N100 haikuundiwa hiyo.

Ya tatu ni kutolala. Seva ya malipo hufanya kazi saa 24, na kwa kawaida haiko peke yake. Kuna nyingine iliyo tayari kuchukua kazi hii ikianguka. Jengo lina jenereta, viyoyozi, na mafundi wa zamu. Kumbuka hilo: seva moja kubwa nyuma ya kaunta, bila hayo yote, haikupi uhakika wa benki. Inakupa kelele ya benki tu.

Hesabu ya stima

Wati 6 kwa wati 360 ni mara 60. Lakini tusidanganyane: hizo ni namba za prosesa, si za kompyuta nzima. Na hata prosesa hupanda na kushuka kulingana na kazi. Kwa hivyo tufanye hesabu ya duka, kwa makadirio ambayo unaweza kubadilisha ukipata namba zako.

Turudi kwa ile seva ya ex-UK ya kori 28. Namba hiyo inalingana na seva yenye prosesa mbili za Intel Xeon E5-2680 v4, za mwaka 2016, kila moja na kori 14 na wati 120. Tuseme mashine nzima, pamoja na feni na diski, inakula wastani wa wati 150 ikiwa haina kazi nzito. Kompyuta ndogo ya N100 tuipe wati 15 kwa jumla. Yuniti ya tokeni tuiweke shilingi 30 ili hesabu iwe rahisi. Zote mbili ziwe zinawaka mchana na usiku.

- Seva: wati 150 kwa saa 24 ni yuniti 3.6 kwa siku. Siku 30 ni yuniti 108. Hiyo ni shilingi 3,240 kwa mwezi.
- N100: wati 15 kwa saa 24 ni yuniti 0.36 kwa siku. Siku 30 ni yuniti 10.8. Hiyo ni shilingi 324 kwa mwezi.

Tofauti ni shilingi 2,916 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 34,992. Kwa duka la mtaani, hiyo ni stoki. Ni magunia, ni kreti, ni karo ya mtoto. Na umeilipa kwa ajili ya makeshia 24 waliokaa bure wakingoja foleni ambayo haiji.

Ukizima usiku, gawanya kwa mbili. Bado inauma.

Sasa ongeza kupotea kwa stima. Betri ya kawaida ya UPS ndogo ni volti 12, ampea 7 kwa saa, yaani wati-saa 84. Tuchukue nusu ndiyo unayoipata kweli baada ya hasara: 42. Ukiunganisha N100 ya wati 15 na skrini ya wati 20, jumla 35, una saa moja na dakika kama kumi. Ukiunganisha seva ya 150 na skrini ile ile, jumla 170, una dakika 15 hivi. Na betri ikiwa imezeeka, huenda hata hizo usizione.

Lakini si angalau ile seva ina kasi zaidi?

Hapa ndipo utacheka. Kasi ya juu ya Xeon E5-2680 v4 ni gigahezi 3.3. Ya N100 ni 3.4. Kwa kazi ya keshia mmoja, yaani kazi ya kaunta yako, zinakaribiana.

Halafu kuna suala la usalama. Windows 10 iliacha kupata usaidizi wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. N100 iko kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Xeon hiyo ya 2016 haiko. Kompyuta inayogusa malipo bila masasisho ya usalama ni kama duka lenye kufuli ambalo ufunguo wake unauzwa sokoni. Tafadhali usifanye biashara hivyo.

N100 hushindwa wapi?

Tusikudanganye kwamba inatosha kila mtu. Usinunue N100 kama:

- Unahariri video au unafanya picha kubwa za mabango. Kori nne ndogo zitakuchosha.
- Una supamaketi yenye kaunta nyingi na zote zinasoma hifadhidata moja kutoka kompyuta moja. Hapo tafuta prosesa yenye nguvu zaidi kwa ile kompyuta ya nyuma. N100 zibaki kaunta.
- Una cyber na unataka kompyuta moja ibebe wateja wote.
- Unahitaji RAM nyingi kuliko gigabaiti 16.

Lakini duka la jumla la mtaani, duka la dawa, saluni, agrovet, hoteli ndogo, wakala wa pesa? Hapo iko sawa kabisa.

Ukienda kununua: hatua tano

Hatua ya kwanza: soma jina lote la prosesa. Herufi N peke yake haitoshi. Celeron N4020, kwa mfano, ina kori 2 tu, na utaikuta kwenye laptopu nyingi za bei ya chini. Pia kuna N95, ndugu wa N100: kori 4, kasi ya juu 3.4, lakini kiwango chake ni wati 15 badala ya 6. Si mbaya, ila usiuziwe moja kwa jina la nyingine.

Hatua ya pili: hakikisha mwenyewe. Mwambie muuzaji awashe mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda sehemu ya Performance, chagua CPU. Jina la prosesa, idadi ya kori na thredi zote ziko hapo. Kama lililoandikwa kwenye boksi si lililo kwenye skrini, mwamini skrini.

Hatua ya tatu: kataa hesabu ya kujumlisha gigahezi. Ukisikia, "Madam, hii ina gigahezi 13," jua amezidisha 3.4 kwa kori nne. Makeshia wanne wenye mwendo wa kawaida hawawi keshia mmoja mwenye mwendo mara nne.

Hatua ya nne: weka pesa uliyookoa mahali panapohisika. RAM iwe gigabaiti 8 au zaidi, na diski iwe SSD. Kompyuta ya kaunta ikiwa polepole, mara nyingi tatizo ni diski ya zamani ya kuzunguka au RAM kidogo, na prosesa inalaumiwa bure.

Hatua ya tano: nunua UPS pamoja na kompyuta, siku ile ile. Usiseme utarudi mwezi ujao.

Stima ikipotea katikati ya malipo

Hili ndilo tunataka ubaki nalo hata ukisahau namba zote za juu.

Mteja amelipa. Kabla risiti haijatoka, giza. Kompyuta imezima. Mteja anasema, "Mimi nimelipa, boss." Wewe huoni kitu kwenye skrini. Wengi hapo hufanya kosa moja kati ya mawili: wanamwambia alipe tena, au wanamwamini kwa kuangalia meseji kwenye simu yake.

Kumbuka ile safari ya shilingi mia mbili. Malipo hayakaliwi na kompyuta yako. Yaliandikwa kwenye seva, hatua ya nne, kabla taarifa haijafika kwako. Kompyuta yako ni karatasi ya risiti tu, si sanduku la pesa. Ikizima, pesa haijapotea.

Kwa hivyo fanya hivi:

- Usimwambie alipe mara ya pili kabla hujaangalia.
- Usitegemee meseji iliyo kwenye simu ya mteja. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia taarifa iliyokuja kwenye laini yako wewe, au fungua taarifa za tili yako kwenye simu.
- Linganisha nambari ya muamala, kiasi na saa. Zikifanana, mpe mzigo wake na umwandikie risiti ya mkono.
- Kama kwako hakuna kitu, mwambie kwa upole asubiri kidogo, halafu piga simu ya huduma kwa wateja. Usirudishe pesa kutoka mfukoni mwako ili tu kumaliza ubishi.
- Stima ikirudi, ingiza mauzo hayo kwenye kompyuta kabla ya kuendelea, stoki isije ikakusumbua jioni.

Na usisahau: hata ungekuwa na ile EPYC ya milioni moja na nusu chini ya kaunta, jibu lingekuwa lile lile. Ushahidi wa malipo uko kwenye seva za malipo na kwenye laini yako. Kununua mashine kubwa hakukupi ushahidi mkubwa.

Jijaribu

Kabla hujafunga ukurasa, jibu maswali haya matatu kwa sauti. Mweleze hata kijana wako wa dukani.

1. Saa yangu ya biashara nyingi kabisa, wateja wangapi wanahudumiwa kwa sekunde moja ile ile kwenye kompyuta yangu?
2. Kompyuta ninayotaka kununua inakula wati ngapi, na kwa mwezi hizo ni shilingi ngapi za tokeni?
3. Stima ikipotea sasa hivi, nitathibitisha malipo ya mwisho kwa kuangalia wapi?

Jibu la kwanza likiwa mmoja au wawili, umeshajua prosesa yako. La pili unaweza kulipiga kwa kikokotoo cha simu: wati gawanya kwa 1,000, zidisha kwa saa za siku, zidisha kwa siku 30, kisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye tokeni yako. Na la tatu, kama jibu lako lilikuwa "kwenye simu ya mteja," rudi juu usome tena sehemu ya stima. Tutakungoja.

Siku ile muuzaji akikuita pembeni na kukuambia kuhusu kori 28, mwulize kwa heshima tu: "Ndugu yangu, hizo kori zitamhudumia nani?" Akikosa jibu, chukua ile ndogo, lipa kwa simu, na uangalie meseji kwenye laini yako kabla hujatoka dukani, kama vile na yeye anavyopaswa kuangalia yake.